Umbali wa New York na Jeddah: Kwa nini safari ya kusini huanzia kaskazini?



Kila mwaka ninapofundisha mada ya Qibla kuna swali ambalo halikosi kuulizwa. Mwanafunzi husogea kwenye ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani, akaweka kidole New York, akakiburuza mpaka Makka, kisha akauliza: "Ustadhi, Makka si iko kusini ya New York? Mbona tunasikia Waislamu wa kule wanaswali wakielekea kaskazini mashariki?"

Swali hili si dogo. Huko Marekani limewahi kuleta mgawanyiko wa kweli, ndugu wa dini moja wakatazamana kwa jicho baya kwa sababu ya upande wa kutandika mswala. Na linaweza kumkuta yeyote kati yetu. Leo uko Kariakoo au Magomeni, kesho umepata nafasi ya masomo au kazi, ukajikuta katika chumba cha kupanga New York, adhuhuri imeingia na hujui uelekee wapi. Hapo utafanya nini? Utafuata ramani uliyoizoea tangu shule ya msingi, au utafuata waliokutangulia?

Katika makala hii nakusudia kuonesha kuwa jibu linapatikana kwa kujua jambo moja: umbali wa angani kati ya miji miwili iliyo mbali hupimwaje. Anayeijua njia fupi ya kutoka New York kwenda Jeddah, mji ambao ndio mlango wa Makka, ameshaijua pia Qibla ya New York. Mambo haya mawili ni hesabu moja.

Ramani inavyotupoteza

Sote tunakubali kwamba dunia ni mviringo mfano wa mpira. Tatizo ni kwamba tunakubali kwa mdomo, kisha tunafikiri kwa kutumia karatasi. Chukua chungwa, limenye vizuri ganda lote bila kulikata vipande vidogo, halafu jaribu kulilaza ganda hilo mezani liwe bapa. Haliwezekani mpaka lichanike au livutwe. Mchoraji wa ramani anakabiliwa na tatizo hilo hilo. Ili dunia ikae kwenye karatasi, ni lazima aivute mahali fulani.

Ramani iliyoenea sana katika madarasa na maofisi yetu inatokana na mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569. Aliichora kwa ajili ya mabaharia, ili nahodha akipiga mstari kwa rula aweze kuufuata kwa kushika upande mmoja wa dira tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Kwa kazi hiyo ramani yake ni nzuri. Lakini gharama yake ni kwamba nchi zilizo karibu na ncha za dunia zimevutwa mno. Kisiwa cha Greenland kinaonekana kukaribiana na Afrika kwa ukubwa, wakati ukweli ni kuwa Afrika ni kubwa mara 14 kuliko kisiwa hicho.

Sasa, kama ramani inaweza kupotosha ukubwa wa nchi kiasi hicho, haishangazi ikipotosha pia urefu wa njia na upande wa kuelekea. Mstari ulionyooka kwenye ramani ile si lazima uwe ndio mstari ulionyooka duniani.

Jaribio la uzi

Ndugu msomaji, jambo hili unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa dakika mbili. Tafuta lile tufe la dunia linalotumika madarasani kufundishia jiografia. Chukua uzi, ushike ncha moja pale New York, ncha ya pili pale Jeddah, kisha uuvute ukaze. Uzi ukishakaza hauna ujanja, utalala kwenye njia iliyo fupi kuliko zote.

Utaona kitu cha ajabu. Uzi hautakatiza katikati ya Bahari ya Atlantiki kuelekea Morocco kama ramani ya ukutani inavyoonesha. Utapanda kwanza kaskazini mashariki, ukapita karibu na Boston, karibu na Halifax na kisiwa cha Newfoundland huko Kanada, ukavuka Atlantiki mpaka pwani ya Ufaransa karibu na Bordeaux, ukapita jirani na Marseille, ukagusa kusini ya Italia, ukavuka Bahari ya Mediterania, ukaingia Misri, na mwisho ukashukia Bahari ya Shamu mpaka Jeddah.

Njia hiyo huitwa duara kubwa, kwa sababu ukiurefusha uzi huo mpaka uzunguke dunia nzima na kurudi ulikoanzia, unapata mzunguko unaoigawa dunia nusu kwa nusu. Ikweta ni mfano wa duara kubwa. Mistari ya longitudo nayo ni nusu za duara kubwa. Lakini mistari ya latitudo, ukiacha ikweta, si duara kubwa, maana inazidi kuwa midogo kadiri unavyokaribia ncha. Kwenye ikweta digrii moja ya longitudo ina urefu wa maili 60 za baharini. Ukifika latitudo ya 60, digrii hiyo hiyo imebaki maili 30 tu, yaani nusu yake.

Hapo ndipo siri ilipo. Mtu anayetaka kusafiri mbali sana kuelekea mashariki anapata faida akipanda kidogo kaskazini, kwa sababu huko juu dunia ni nyembamba na digrii zinakwisha upesi. Anachopoteza kwa kupanda anakirudisha, na cha ziada kinabaki.

Hesabu yenyewe

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, uko digrii 6 na dakika 53 kusini ya ikweta. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz wa Jeddah uko digrii 21 na dakika 41 kaskazini ya ikweta. Viwanja hivi viwili viko karibu kabisa na longitudo moja, ile ya 39 mashariki. Kwa hiyo kazi ni kujumlisha tu: digrii 28 na dakika 34, ambazo ukizigeuza zote kuwa dakika unapata 1,714. Kila dakika moja juu ya duara kubwa ni maili moja ya baharini, nayo ni kilomita 1.852. Basi kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah ni maili 1,714 za baharini, yaani kilomita 3,170 hivi.

Angalia pia neema tuliyonayo watu wa pwani hii. Dar es Salaam, Unguja, Mombasa na Makka zote ziko karibu na longitudo ya 39. Qibla ya Dar es Salaam inatofautiana na kaskazini halisi kwa digrii moja tu hivi. Kwetu sisi ramani ya ukutani na tufe vinakubaliana, kwa hiyo hatujawahi kulazimika kufikiri. Ndiyo maana jambo la New York linatushangaza.

Kwa New York hatuwezi kujumlisha tu, kwa sababu miji hii miwili imetengana kwa longitudo pia. Uwanja wa John F. Kennedy uko digrii 40.6 kaskazini na 73.8 magharibi, na tofauti ya longitudo kati yake na Jeddah ni digrii 113. Aliyesoma hisabati za sekondari anaweza kufuata hatua hizi. Zidisha saini ya latitudo ya mji wa kwanza kwa saini ya latitudo ya mji wa pili, utapata 0.241. Kisha zidisha kosaini za latitudo hizo mbili pamoja na kosaini ya tofauti ya longitudo, utapata 0.275 hasi. Jumlisha majibu hayo, inakuja 0.034 hasi. Hiyo ni kosaini ya pembe iliyoko katikati ya dunia baina ya miji hiyo, na pembe yenyewe ni karibu digrii 92. Zidisha 92 kwa 60, unapata maili 5,520 za baharini, takribani kilomita 10,200.

Je, ndege ingefuata mstari wa rula wa ramani ya Mercator ingekuwaje? Ingeondoka New York ikielekea mashariki, ikiinamia kusini kidogo, ikaingia Afrika karibu na Agadir nchini Morocco, ikakatiza Sahara mpaka Bahari ya Shamu. Njia hiyo ina kilomita zipatazo 10,900. Hivyo msafiri angeongezewa zaidi ya kilomita 600, umbali unaozidi ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, bila faida yoyote. Hakuna shirika la ndege linaloweza kukubali kuchoma mafuta kiasi hicho kwa ajili ya kuifurahisha ramani.

Umbali na njia ya ndege

Hapa inafaa tufafanue jambo. Umbali wa duara kubwa ni mmoja na haubadiliki, lakini njia inayopitiwa na ndege siku hadi siku yaweza kuubeta mstari huo kidogo. Juu ya Atlantiki kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Rubani anayekwenda Jeddah huutafuta umsukume, na anayerudi New York huukwepa. Ndiyo maana safari ya kurudi kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi kuliko ya kwenda, ingawa miji haijasogea.

Siasa nazo huingia. Baada ya Urusi kuifunga anga yake kwa ndege za nchi nyingi za Ulaya mwaka 2022, ndege za Finland zinazotoka Helsinki kwenda Tokyo zililazimika kuzunguka, na safari iliyokuwa ya saa 9 na nusu hivi ikawa ya saa 13 hivi. Umbali wa miji ile ulibaki ule ule; kilichorefuka ni njia.

Tofauti hizi ndogo haziuvunji msingi. Rubani huanza na duara kubwa, kisha huangalia upepo, dhoruba na mipaka.

Itakuwaje uelekee kaskazini na mji uko kusini?

Baadhi ya watu hukubali kuwa njia ni fupi, lakini bado moyo haujatulia. Wanasema: Makka iko digrii 21 kaskazini ya ikweta, New York iko digrii 40. Makka iko kusini zaidi, basi kuelekea kaskazini ni kuipa mgongo.

Tuchukue mfano. Watu wawili wamesimama karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Mmoja yuko hatua kumi upande huu wa ncha, mwenzake yuko hatua kumi upande wa pili. Wote wako kwenye latitudo moja. Kwa mwenye kuangalia ramani ya karatasi, mwenzake hayuko kaskazini yake hata kidogo, yuko mashariki au magharibi ya mbali. Lakini akitaka kumtazama usoni atatazama wapi? Atatazama kaskazini moja kwa moja, kuvukia pale kwenye ncha. Hakuna mwenye akili timamu atakayemwambia azungushe uso mashariki kwa kuwa ramani inasema hivyo.

Hali ya New York na Makka ni hiyo hiyo, ila kwa kiasi kidogo. Mstari ulionyooka unaondoka New York kwa digrii 59 kutoka kaskazini kwa mzunguko wa saa, yaani kaskazini mashariki. Ukifika katikati ya Atlantiki, kwenye latitudo ya 49 na nusu, unakuwa unaelekea mashariki kamili. Baada ya hapo unashuka kusini mashariki mpaka unafika. Mstari haukupinda. Kilichobadilika ni upande wa kaskazini wenyewe, kwa sababu kila mahali duniani pana kaskazini yake. Na kadiri unavyokwenda magharibi mwa Marekani ndivyo Qibla inavyozidi kusogea kaskazini. Los Angeles ni digrii 24 tu kutoka kaskazini.

Wanazuoni walilifanyia kazi

Wapo wanaodhani kuwa hesabu hii ililetwa na marubani wa Ulaya. Ukweli ni kuwa Waislamu waliishughulikia kwa karne nyingi kabla ya ndege. Katika karne ya 9 Khalifa al-Ma'mun aliwatuma wataalamu kwenye uwanda wa Sinjar, Iraq, wakapime urefu wa digrii moja ya dunia. Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika kitabu kizima kuhusu kuhakiki mahali ilipo miji, na lengo lake moja kubwa lilikuwa kupata Qibla ya mji wa Ghazna. Alikusanya umbali wa njia za misafara kati ya mji na mji, akapunguza sehemu kwa ajili ya kona za barabara, kisha akatumia hesabu za tufe.

Katika karne ya 14, Shamsuddin al-Khalili, mtunza nyakati wa msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, alitengeneza jedwali lenye majibu karibu 3,000 ya Qibla kwa latitudo na longitudo mbalimbali. Hakuwa na kompyuta wala kikokotoo. Majibu hayo yanatokana na duara kubwa lile lile la uzi wetu.

Mzozo wa Marekani

Tukirudi Marekani, kituo cha Kiislamu cha Washington kilichofunguliwa rasmi mwaka 1957 kilijengwa kikielekea kaskazini mashariki. Msikiti mkubwa wa Manhattan, New York, uliofunguliwa mwaka 1991, umegeuzwa pembeni ukapishana na mpangilio wa mitaa inayouzunguka ili uielekee Makka kwa mstari huo. Hata hivyo wapo waliokuwa wakiswali kuelekea kusini mashariki, na katika miaka ya 1990 mjadala ulipamba moto. Waliotetea kusini mashariki walisema kuwa dini ni nyepesi na haihitaji hesabu ngumu, kwamba Makka inajulikana kuwa kusini na mashariki ya Marekani, na hiyo inatosha.

Ni kweli kuwa dini ni nyepesi. Wanazuoni wengi wanaona kuwa aliye mbali na Ka'aba inamtosha kuelekea upande wake, na hata wafuasi wa Imam Shafi, ambao wengi wetu wa pwani ndio madhehebu yetu, wenye kusisitiza kuikusudia Ka'aba yenyewe, hawamlazimishi mtu zaidi ya juhudi yake. Aliyejitahidi kisha akakosea swala yake haipotei. Lakini wepesi huo ni wa mtu ambaye hakupata njia ya kujua. Hauwi hoja ya kuikataa elimu ilipokwishafika. Aya ya 144 ya Suratul Baqara inaamrisha kuuelekea Msikiti Mtukufu popote tulipo, na kuelekea kitu ni kukielekea duniani kilipo, si karatasini kilipochorwa.

Shahidi asiyehongwa

Kwa asiyetaka hesabu, Allah (s.w.) ameweka shahidi mwingine. Mara mbili kwa mwaka, tarehe 27 au 28 Mei na tarehe 15 au 16 Julai, jua husimama juu kabisa ya Ka'aba wakati wa adhuhuri. Mwezi Mei ni saa 6 na dakika 18 mchana, na Julai ni saa 6 na dakika 27, kwa saa za Makka ambazo ndizo saa zetu za Afrika Mashariki. Dakika hiyo, popote jua linapoonekana, anayelielekea jua ameielekea Qibla. Ukisimamisha fimbo Dar es Salaam utaona kivuli kimelala kusini, na jua liko kaskazini.

New York saa hiyo ni alfajiri, saa 11 na dakika 18 kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Jua bado halijachomoza, limebakiza dakika kumi hivi. Lakini mwanga wake umeshatanda kwenye upeo wa mbingu. Umetanda upande gani? Kaskazini mashariki. Jua lililoko utosini mwa Ka'aba dakika hiyo ndilo linalowapa watu wa New York ule mwanga wa kaskazini mashariki. Mtu aliyeko huko hahitaji ramani wala fatwa, ni kuamka tu mapema na kutazama.

La kufanya

Ndugu msomaji, ukifika mji wa mbali fanya mambo haya. Kwanza, waulize Waislamu uliowakuta, na uangalie msikiti wao unaelekea wapi. Pili, usipime Qibla kwa rula juu ya ramani bapa. Tumia tufe na uzi, au hesabu niliyoeleza hapo juu. Tatu, ukitumia dira kumbuka kuwa sindano yake inafuata sumaku ya dunia, na kwa New York inakwenda pembeni kwa digrii kama 13 upande wa magharibi wa kaskazini halisi. Dira ya simu nayo huyumbishwa na vyuma vilivyo karibu, basi isogeze mbali na meza ya chuma kabla hujaiamini.

Nne, na hili ni zito kuliko yote, ukimkuta ndugu yako ameelekea usipopazoea, usianze kwa kumhukumu. Muulize amepimaje. Huenda yeye ameshika uzi nawe umeshika karatasi. Na kama ni yeye aliyekosea, mkalishe, mtafutie tufe, muoneshe kwa upole. Hesabu ya kilomita 10,200 inaeleweka kwa robo saa, lakini msikiti ukishagawanyika, kuuunganisha huchukua miaka.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.